Jina Lisilovuka Matandu

Adija alikuwa mtoto wa darasa la tatu alipoanza kuamkiwa na wazee. Asubuhi moja alitoka nje ya nyumba ya marehemu bibi yake, kipaji cha uso wake kikiwa bado na unga wa mtama, kiunoni amefungwa kaniki iliyomzidi urefu, akamkuta mjomba wake Likwata amechuchumaa uani pamoja na wanaume wengine wa ukoo. Mjomba alikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto. Alimwinamia yule mtoto, akamwambia, "Shikamoo, Bibi."

Adija akacheka. Alidhani anataniwa. Mama yake akamfinya bega mpaka kicheko kikakatika, ndipo akaelewa kwamba jibu linasubiriwa, na uani wote umenyamaza kwa ajili ya jibu hilo. Akaitikia marahaba. Tangu siku ile hakuna mtoto mwenzake aliyemwita tena kwenye mchezo wa kombolela.

Ndivyo majina yanavyorithiwa ng'ambo ile ya mto Matandu, upande wa pili ukitokea Njinjo. Mwenye jina akifa, ukoo hukaa, huchagua mtoto wa kike wa upande wa mama, humpaka unga, na kuanzia hapo mtoto yule si yeye tena. Ni marehemu aliyerudi. Jina alilopakwa Adija ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote. Lilikuwa Akai, jina la mwanamke aliyefungua pori lile. Kabla yake, wazee husema, palikuwa na miombo na tembo tu. Alikuja akitokea pwani, jembe begani, mimba tumboni, hana mume wala ndugu. Akafyeka, akachoma, akapanda mtama. Watu waliokuwa wanakimbia kodi na njaa wakauona moshi wake kwa mbali, wakaufuata. Kitongoji kizima ni wajukuu wa moshi ule.

Miaka ya nyuma mwalimu mmoja mgeni aliombwa aandike kibao cha kitongoji. Akauliza, hilo Akai maana yake nini? Likwata akamjibu kwamba maana yake ni yule aliyekaa. Mwalimu, mtu wa Kiswahili sanifu, akachovya brashi akaandika: KITONGOJI CHA AKAAYE. Hakuna aliyeona ajabu. Kule ulimi na maandishi havigombani sana. Adija mwenyewe shuleni aliandikwa Hadija, lakini ile h ya mwanzo watu wa kule huimeza. Hamisi kwao ni Amisi, haki ni aki, na atakayejitia kuitamka ataulizwa amerudi lini kutoka Unguja.

Mwenye jina ana kazi zake. Anaishi kwenye ua wa Bibi. Anafagia kaburi la Bibi, lile lililo nyuma ya jiko, lililozungushiwa mawe ya mtoni. Mvua za kwanza zikinyesha, hakuna jembe linaloingia shambani mpaka yeye atie mbegu ya kwanza. Na halali ng'ambo ya mto. Akivuka kwenda Njinjo gulioni au zahanati, jua lisizame hajarudi, kwa sababu yule wa kwanza alikaa, na wote waliopo wapo kwa sababu yeye alikaa.

Watu hudhani binadamu hufungwa kwa matusi na viboko tu. Adija alifungwa kwa shikamoo. Alipofaulu darasa la saba akachaguliwa kwenda sekondari ya bweni, wajomba walikaa kikao kifupi sana: Bibi atalalaje bwenini? Alipoolewa, mume wake, Abilahi, alihamia kwake kama desturi ya huko inavyotaka, akavumilia kwa muda, kisha akaenda Lindi kutafuta kibarua na hakurudi. Kabla ya kuondoka aliwaambia vijana wenzake kwamba amechoka kulala kitanda kimoja na nyanya wa wazee. Maneno hayo yakamfikia Adija, kama yanavyofika maneno yote. Alikuwa na mtoto mchanga mgongoni, Naima, na mbegu ya kwanza mkononi.

Sasa Naima yuko kidato cha pili sekondari ya kata, ng'ambo. Ni msichana mrefu mwenye ulimi. Masika mto ukijaa anabaki nyumbani wiki nzima nzima akisoma vitabu vilevile, na akitumwa kuni humwambia mama yake, "Bibi wa miaka arobaini, kuni hukuzimaliza ulipofyeka pori?" Adija humrushia mwiko, na wote wawili hucheka. Ndiye mtu pekee kitongoji kizima anayethubutu kumtania.

Yeye, na Bakary.

Bakary ni mkaanga samaki wa Somanga, pale barabarani mabasi ya Lindi yanaposimama. Siku za gulio huja Njinjo na pikipiki na deli la samaki. Mwaka juzi alimuuzia Adija nguru, akamkatia kipande kikubwa kuliko pesa yake, akamuuliza kama nyumbani kuna wa kula kipande kile chote. Akajibiwa kwamba yupo bibi kizee mlafi sana. "Mlete nimuone," Bakary akasema. Adija akasema, "Unamuona." Walianzia hapo. Hakumwita Bibi hata siku moja. Alimwita Adija, na mara ya kwanza mwenyewe aliposikia jina lake likitamkwa na mwanaume kwa sauti ya kawaida, aligeuka kutazama nyuma kama aliyeitwa ni mwingine.

Bakary alitaka kuoa. Lakini alitaka mke aje Somanga, kwenye karai na moshi wake wa mafuta. Adija alipomdokeza habari ya kuhamia kwake, alicheka kwa uchungu. "Huko kwenu nitauza nini? Unga wa kaburi?"

Adija akajipa moyo, akaenda kwa Likwata. Alijiandaa kwa ugomvi, na ugomvi haukuwepo. Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho, akasafisha koo, akamjibu kwa upole ule ule wa miaka yote.

"Nenda, Bibi. Nani wa kukuzuia? Ila jina halivuki mto. Ukienda wewe, tutampaka Naima."

Jibu lilikuwa hilo tu. Alirudi nyumbani akamkuta Naima amejilaza kwenye mkeka, miguu juu ukutani, anakariri sehemu za jicho kwa ajili ya mtihani, na hakumwambia kitu. Baada ya hapo Bakary akipiga simu alijibiwa kwamba subiri ufuta uvunwe, kisha subiri korosho ziokotwe. Korosho zikaokotwa. Ikafika siku ya dua.

Dua ya Bibi Akai husomwa kila mwaka kabla ya mvua. Sheikh wa Njinjo huvuka, husoma hitma, huombea marehemu wote. Kisha, sinia la unga wa mtama likiletwa, hugeuka upande wa pili na kuongea na jirani yake mpaka shughuli ile iishe. Mwaka huu, siku moja kabla ya dua, alasiri, gari dogo la mizigo lilikatiza mchanga wa mto uliokauka, likasimama mbele ya kibao cha kitongoji. Dereva aliitwa Yahya, mnunuzi wa ufuta kutoka Kilwa Kivinje ambaye watu walikwisha kumzoea. Kando yake alikuwa ajuza mmoja, baibui jeusi, uso mdogo, meno hana. Yahya alieleza kwamba huyu ni bibi yake, Bi Siti. Kwamba katika mazungumzo alimtajia kile kibao na habari za mwanamke wa pwani aliyefungua pori, na tangu hapo ajuza hakumpa raha mpaka amlete.

Mgeni mzee hufikia kwa Bibi. Akaletwa jikoni kwa Adija, akakalishwa kwenye mkeka, akapewa uji. Akaunywa wote kwanza. Kisha akafuta mdomo.

"Nimeambiwa hapa ndipo kwa Hakai."

"Ndipo hapa, Bibi, karibu. Akai ndiye mimi."

Bi Siti alimtazama juu mpaka chini. "Wewe? Hakai nimemchotea maji ya kuoshea maiti yake, nikiwa mwari mimi. Kivinje, nyumbani kwetu, chumba cha uani."

Adija alidhani ni uzee. Kwa adabu akamwonyesha mlango wa nyuma, yale mawe ya mtoni na mchanga uliofagiwa asubuhi ile. Akasema kwamba Bibi Akai kazikwa pale, na kwamba akipenda atampeleka akamsomee fatiha.

"Akai ndiye nani?" ajuza akauliza. "Mimi nasema Hakai. Ha. Mbona mnaila? Wanawake wa Kivinje ndio waliompa jina hilo, la kuzaliwa hata sisi tulilisahau. Aliolewa na muuza papa, akamwacha. Akaolewa na mwalimu wa chuo cha Kurani, akamwacha. Akaolewa na babu yangu mimi. Wenzake wakasema, huyo naye hamuwezi, huyo hakai. Hakai kwa mume, hakai kwa mama yake, hakai mtaa mmoja. Babu yangu aliamka akakuta kitanda kina baridi na jembe halipo."

Adija alikuwa anapepeta mtama wa kesho. Ungo ulisimama.

Bi Siti aliendelea kusimulia bila haraka, kama anayekunja nguo. Alisimulia kwamba yule mwanamke alirudi Kivinje kwa miguu baada ya miaka mingi, peke yake, mkavu kama samaki wa ng'onda. Mama yake Bi Siti, aliyekuwa na huruma, akampa chumba cha uani. Watu wakamuuliza, huko bara ulikokuwa, shamba je? Akasema limekwisha, pori limekuwa mji, watu wanagombania mipaka, na yeye pori likishakuwa mji halina kazi naye. Wakamuuliza, na mtoto uliyeondoka naye tumboni? Akasema, nimemwacha na watu.

"Aliishi nasi akiuza vitumbua ukutani kwa boma," Bi Siti akasema. "Mcheshi, hana shida na mtu. Alipougua ndipo akaanza kumwita. Maimuna, Maimuna, usiku na mchana. Akanishika mkono huu, akaniambia, ukikua uende ukamtazame. Nikasema nitakwenda. Kisha nikaolewa, nikazaa, nikazika. Yuko wapi Maimuna?"

Maimuna alikuwa nyanya yake Adija, mama yake Likwata. Ndiye aliyelibeba jina la Bibi kabla yake. Ndiye aliyekufa Adija akiwa darasa la tatu. Adija alimjibu mgeni kwamba amechelewa sana. Ajuza akatikisa kichwa, akaomba maji.

Ukweli ni kwamba Adija hakuwaza habari ya Maimuna wakati ule. Aliwaza kamba. Tangu utotoni alikuwa amefungwa kwenye nguzo, na sasa mtu amekuja na kumwambia kwamba nguzo haipo. Yule wa kwanza alivuka mto. Alivuka akaenda akalala ng'ambo, akafa ng'ambo, na mtama ukaota vilevile. Jina lenyewe, likitamkwa kwa herufi zake zote, lilikuwa linamwambia ondoka. Kicheko kikampanda, kile kile kilichofinywa begani siku ile, na safari hii hapakuwa na wa kumfinya. Alicheka mpaka Bi Siti akamuuliza kama ni mzima.

Akajifunga khanga yake vizuri, akaenda kumtafuta mjomba wake.

Likwata alikuwa nyumbani kwake ananoa kisu cha mbuzi wa dua. Sasa ni mzee mwenye mvi, mgongo umeanza kupinda. Adija alimwambia yote bila kuketi. Akamwambia kesho waambie watu, mbele ya sheikh, kwamba Akai ni Hakai, kwamba hakukaa. Usiposema wewe nitasema mimi. Likwata hakunyanyua kichwa. Alijaribu makali ya kisu kwa dole gumba, akauliza kitu kimoja tu, kama yule mzee wa Kivinje ametaja jina la mama yake.

"Amelitaja," Adija akasema.

"Basi hapa kitongojini tunajua wawili. Zamani nilikuwa peke yangu."

Ndipo Adija akaketi.

Mjomba alizungumza akitazama jiwe la kunolea. Alisema mama yake alimwambia siku za mwisho, kwa sharti kwamba asimwambie mtu. Mama alikuwa msichana wa kufukuza ndege shambani. Asubuhi moja aliamka akaona jembe la mama yake halipo, akadhani ameenda shamba la mbali. Alingoja jioni. Kesho yake majirani wakamuuliza, naye akawaambia mama anaumwa, yuko ndani. Alisema hivyo kila walipouliza. Aliona aibu, mtoto yule. Aliona watu watasema ana kasoro gani mpaka mama amwache. Majirani waliposema sasa tutaingia tumuone, aliwaambia amekufa, na kwamba amemzika mwenyewe kwa sababu mama aliagiza hivyo. Akawapeleka nyuma ya jiko. Udongo ulikuwa umefukuliwa kweli. Aliufukua kwa mikono na kigae cha chungu. Watu wazima wakaamini au wakaamua kuamini. Wakaleta mawe ya mtoni. Wakasema mtoto huyu ndiye atakayekuwa Bibi sasa, na aapishwe asituache na yeye.

"Wewe unafagia mchanga mtupu," Likwata akasema. "Na mimi nimeuombea dua mchanga mtupu tangu nipate akili. Ulitaka niseme nini kwa yule mwalimu wa kibao? Niandikishe watu wote wasome kwamba mama yangu aliachwa kama mbwa?"

Adija alisema kwamba aibu ya Maimuna haikuwa ya Maimuna, wala si ya kubebeshwa watoto wa watu mpaka kiama. Alisema maneno mengi mazuri na yote yalikuwa kweli. Likwata aliyasikiliza. Kisha akamtazama kwa mara ya kwanza jioni ile, macho yake yana maji.

"Sema kesho. Simulia Hakai alivyokuwa huru, alivyovuka mto akienda zake. Na wewe ukavuke uende kwa muuza samaki wako. Watu wa hapa wakisikia kwamba kaburi ni tupu, wataogopa, na watu wakiogopa hawaachi jina. Watalishika kwa mikono miwili. Watamtafuta mtoto wa kulibeba, na aliyepo ni mmoja. Atakuwa wa pili kubaki hapa kwa sababu mama yake alikwenda."

Hakuwa anamtisha. Adija angependa iwe vitisho, maana vitisho vina dawa. Mzee alikuwa anasema alichokijua, na Adija naye alikijua. Likwata akakiweka kisu kando, akamkumbusha maneno ya kesho. Kabla ya kupakwa unga, Bibi hutoa neno, na neno lile halipingwi na mtu. Miaka yote Likwata ndiye aliyemtilia mdomoni: mlime mapema, msigombanie mipaka, mpeleke watoto chanjo. Safari hii amwongezee diwani shukrani kidogo kwa kalvati.

Adija akasema amesikia.

Kesho yake watu walijaa ua. Mbuzi alichinjwa, ubwabwa ulipikwa kwenye masufuria ya kukodi, watoto walifukuzwa wakarudi wakafukuzwa tena. Sheikh akasoma hitma. Adija alikaa kwenye mkeka wake mbele ya kaburi, kaniki kiunoni, ambayo sasa ilimtosha, na wazee walipita mmoja mmoja wakimwamkia. Bi Siti aliwekwa kwenye kiti cha plastiki, karibu na wanawake. Asubuhi Adija alikuwa amemuomba aseme mbele ya watu yale aliyoyasema jikoni, kisha kabla ya ubwabwa kuiva akamuomba asiyaseme. Ajuza alimjibu kwamba hakukusudia. Hawezi kula wali wa watu kisha akawatia mchanga kwenye sinia. Lakini alimwambia na jingine. Alimwambia kwamba nyumba yake Kivinje ina vyumba vitupu, shule ziko hapo hapo, na kwamba yeye ana ahadi aliyochelewa nayo na hajui ampe nani.

Sinia la unga likaletwa. Sheikh akageuka upande wa pili. Likwata akasimama, akasema Bibi ana neno.

Adija alisimama pia, jambo ambalo Bibi halifanyi.

"Mwaka huu neno langu ni hili," akasema. "Naima anakwenda Kivinje na Bi Siti. Anakwenda kusoma, na anakwenda leo. La pili, mimi nikifa, jina hili msimpake mtoto. Mnizike nalo."

Mama mmoja kwenye kundi la wanawake akasema hili neno gani tena. Diwani, asiyejua kinachoendelea, akapiga makofi, akaona hapigi mwingine, akaacha. Naima alikuwa amebeba ndoo ya maji. Aliishusha chini polepole.

Likwata angeweza kusema Bibi anaumwa, na watu wangeshukuru kuambiwa hivyo. Alitazama kaburi, akamtazama Naima, na ni nani ajuaye alimwona nani pale penye ndoo. Kisha akasema kwa sauti ya wote kusikia:

"Neno la Bibi tumelisikia, na halipingwi. Ila mnajua nyote, neno la Bibi husimama Bibi akiwa amesimama hapa. Siku atakayovuka mto akalala huko, neno limeanguka, na mambo yanarudi yalivyokuwa."

Wazee wakaitikia kwamba ndivyo, ndivyo. Adija alimtazama mjomba wake. Alikuwa amempa yote aliyoyaomba, akafunga mlango kwa nyuma yake. Pengine alifanya hivyo kwa hila, pengine ndiyo njia pekee iliyokuwepo ya kuwafanya wale wazee wakubali. Adija akaketi. Mikono ya mzee ikampaka unga, mashavu na kipaji.

Naima hakuwa na vitu vingi. Vitabu, sare, khanga, kandambili mpya. Alifunga kila kitu kwa hasira. Alisema hakuulizwa. Alisema yeye si mbuzi wa kupakiwa kwenye gari. Alisema, "Na Bakary je? Unadhani sijui habari za Bakary? Twende wote, Mama. Gari lina nafasi."

"Nafasi ipo," Adija akasema.

"Sasa?"

"Ukikaa mbele na Bi Siti, muulize habari za Hakai. Atakusimulia njia nzima. Msikilize vizuri, na herufi zake zote."

"Hakai ndiye nani?"

"Muulize."

Akamfuta mtoto wake uso kwa ncha ya khanga, akamchafua kwa unga wa mikono yake mwenyewe, ikabidi amfute tena. Bi Siti alipandishwa mbele na Yahya kama chombo cha udongo. Alimshika Adija kichwa kupitia dirishani, akamsomea kitu kirefu cha Kiarabu, akamwambia mwanangu, mlango wangu haufungwi. Gari likateremka mtoni, likakoroma kwenye mchanga, likapanda ukingo wa pili. Naima hakupunga mkono. Alikuwa ameinamisha kichwa upande wa ajuza, tayari anauliza.

Kule kitongojini simu haishiki ila juu kwenye mikorosho. Adija alipanda huko na kaniki yake, unga umeanza kukauka na kumvuta ngozi. Bakary alipokea kwa kelele za basi na wachuuzi. Alimuuliza dua imekwendaje, kisha akamuuliza, kama alivyomuuliza kila wiki, anakuja lini. Adija akamwambia haji.

Basi likaondoka kule kwa Bakary, kelele zikapungua. Akamuuliza, na Naima? Akaambiwa ameshavuka, yuko njiani kwenda Kivinje. Akataka kujua amevukaje, nani karuhusu, imekuwaje hata apone mmoja tu. Adija alimweleza kwa ufupi. Hakumwambia nani aliyelifukua lile kaburi. Hiyo ilikuwa imebaki ya watu wawili, na mmoja mzee.

"Basi nitakuja mimi," Bakary akasema mwishowe. "Jumamosi."

"Njoo. Njoo kama mgeni."

"Na kulala?"

"Wewe utalala. Anayekatazwa kulala kwa watu ni mimi."

Bakary akacheka, kisha akasikia kwamba upande wa pili hakucheka mtu. Akabadili sauti. Akamuuliza, kwa upole ambao ulimuumiza kuliko kama angegomba, sasa katika nyumba ile amebaki na nani.

Adija alitazama chini, kati ya mikorosho. Moshi wa majiko ulikuwa bado unapanda. Wanaume walikuwa wanakunja mikeka, wanawake wanasugua masufuria kwa mchanga, na mbele ya mlango wake Likwata alikuwa ameketi kwenye kigoda, fimbo katikati ya magoti, anamngoja.

"Wote," akasema. "Nimebaki na wote."